Kutoka Dadu Hadi Riwaya: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi Anayecheza Michezo ya Mezani

Kila kundi la michezo ya uhusika, ile ambayo kila mchezaji hujifanya mtu mwingine, lina mtu mmoja ambaye kikao kikiisha na dadu zikirudi mfukoni husema, "Jamani, hii ikiandikwa ni riwaya tosha." Mara nyingi hakosei. Shida huanza anapoketi kuiandika. Anafungua daftari, anaanza na kikao cha kwanza, anaandika kila pigo la upanga na kila utani, na akifika sura ya nne hata yeye mwenyewe hana hamu ya kujua kitakachofuata. Anakijua. Alikuwepo.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na msimamo wangu ni mmoja: usiutegemee mchezo ukupe msuko. Mchezo hukupa watu waliolazimika kuamua wakiwa gizani, na hukupa gharama waliyolipa kwa uamuzi wao. Huo ni mtaji mkubwa. Msuko utaujenga wewe, peke yako, wenzako wakishakwenda kulala.

Njia yenyewe imepitiwa na wengi. Juni 1826 Patrick Brontë alimletea mwanawe Branwell kisanduku cha askari wa kuchezea. Dada zake Charlotte, Emily na Anne wakajichagulia kila mmoja wake na kuwapa majina, na kutoka kwenye mchezo huo zikaota nchi za kubuni, Angria na Gondal, ambazo watoto hao waliziandikia kwa miaka. Mwaka 1847 dada wote watatu walichapisha riwaya. Baadaye sana, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, na mchezo wa kujifanya mtu mwingine ukapata kanuni zilizoandikwa.

Kwa asiyewahi kucheza: mtu mmoja huwa mwendeshaji. Yeye hueleza dunia, na huwasemea watu wote wasio na mchezaji, kuanzia mfalme hadi mlinzi wa lango. Wengine humbeba kila mmoja mhusika wake. Mchezaji anasema mhusika anafanya nini; kama matokeo yana shaka, anarusha dadu, anajumlisha kiasi cha uwezo wa mhusika, na jumla ikifikia kiwango kilichowekwa, jambo linafanikiwa. Vikao vinavyofuatana vya kisa kimoja huitwa kampeni. Mengine utayajifunza ukiwa umekaa mezani.

Hatua ya kwanza: chagua mchezo kwa kile unachotaka ukufundishe

Wengi hucheza ule ambao rafiki yao anao. Si vibaya, lakini mwandishi anapaswa kujua kwamba kanuni za mchezo huamua aina ya hadithi itakayotoka, kabla hata hujafungua mdomo.

Tazama hesabu yenyewe. Dadu ya pande 20, inayotumika kwenye Dungeons & Dragons, humpa kila upande nafasi ya asilimia 5. Namba 1 hutokea sawasawa na namba 10. Kwa hiyo shujaa wa miaka mingi anaweza kujikwaa kizingitini na mwanagenzi akaua zimwi kwa pigo moja. Hadithi inayotoka hapo imejaa mishtuko, na mishtuko hufurahisha mezani kuliko kwenye karatasi.

Sasa linganisha na Apocalypse World, mchezo wa Vincent na Meguey Baker uliotoka 2010. Unarusha dadu mbili za kawaida. Ukipata 10 au zaidi umefanikiwa. Ukipata 7 hadi 9 umefanikiwa, lakini kuna cha kulipa. Ukipata 6 au chini, mwendeshaji ana ruhusa ya kukuharibia mambo. Kwa mrusho usio na nyongeza, kati ya michanganyiko 36 inayowezekana, 15 huangukia kwenye "ndiyo, lakini", 15 kwenye balaa, na 6 tu kwenye ushindi safi. Hesabu hiyo iandike na uibandike mbele ya meza yako ya kuandikia. Mhusika mkuu anayepata anachotaka bila kulipa chochote zaidi ya mara moja kwa kila mara sita anamchosha msomaji, hata kama mwandishi anampenda kiasi gani.

Ipo mingine. Call of Cthulhu, wa mwaka 1981, humpa mhusika akiba ya akili timamu inayopungua kila anapokutana na jambo lisilobebeka. Hufundisha kumwandika mtu anayemong'onyoka polepole. Fiasco, wa mwaka 2009, hauna mwendeshaji, humalizika kwa kikao kimoja, na karibu kila mara huishia kwa watu wenye tamaa kubwa na akili ndogo kuharibikiwa. Ni shule nzuri ya hadithi fupi. The Quiet Year hutumia karata 52, moja kwa kila wiki ya mwaka, huku wachezaji wakichora pamoja ramani ya jamii inayojijenga upya. Ukikwama kwenye mandhari, anzia huo.

Na kama huna kundi? Ironsworn, wa mwaka 2018, unaweza kuchezwa na mtu mmoja. Thousand Year Old Vampire ni wa mtu mmoja na kalamu: unaandika maisha ya kiumbe asiyekufa, ambaye kumbukumbu zake zina nafasi chache. Zikijaa, mwishowe lazima ufute moja ili ya leo ipate pa kukaa. Sijui zoezi lingine linalomfundisha mwandishi kwa ukali kiasi hicho kwamba mhusika hujengwa pia na anachokisahau.

Hatua ya pili: zungumza na wenzako mapema

Hili huahirishwa kwa aibu, na likiahirishwa huvunja urafiki. Mhusika aliyebuniwa na mwenzako ni wake. Jina lake, namna yake ya kusema, kisa chake cha utotoni, vyote vilitoka kichwani mwa mtu mwingine, na kule kuketi meza moja hakukupi umiliki.

Raymond E. Feist alipochapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1982, dunia ya Midkemia aliyoitumia ilikuwa tayari imejengwa na kuchezwa na kundi la marafiki zake wa chuoni San Diego. Huko Japani, kampeni ya Record of Lodoss War ilianza kuchapishwa mwaka 1986 katika jarida la Comptiq, kama maandishi ya mazungumzo ya mezani. Mwendeshaji wake, Ryo Mizuno, ndiye aliyeigeuza kuwa riwaya mwaka 1988. Deedlit, binti wa msituni anayekumbukwa zaidi katika kisa hicho, mezani alichezwa na mwandishi mwingine, Hiroshi Yamamoto. Riwaya iliyozaliwa mezani ina wazazi wengi.

Kaeni chini, muandike ukurasa mmoja. Uwe na majibu ya maswali haya: nani anaruhusu mhusika wake atumike, na kwa jina lipi? Je, anakubali abadilishwe, auawe, afanywe msaliti? Kitabu kikiuzwa, kuna mgawo au shukrani tu? Kila mtu atie sahihi na abaki na nakala. Mwenzako akikataa, basi amekataa. Mtoe mhusika wake, na wala usimrudishe kwa mlango wa nyuma akiwa amebadilishwa rangi ya nywele. Atajitambua.

Hatua ya tatu: andika kinachopotea

Daftari la mchezaji wa kawaida huwa na hazina iliyopatikana, majina ya miji na idadi ya maadui. Daftari la mwandishi liwe na vitu vingine, maana hayo ya kwanza utayabuni upya ukitaka.

Kikao kikiisha, kabla hujalala, chora safu tatu. Ya kwanza: nani alitaka nini. Ya pili: alifanya nini alipokataliwa. Ya tatu: kilimgharimu nini, au kilimgharimu nani. Usiandike pigano zima. Andika sekunde ile mchezaji alipoishika dadu mkononi akakawia kuirusha. Alikuwa anaogopa kitu. Kitu hicho ndicho riwaya yako inachokitafuta.

Andika pia kimya. Mezani watu hupiga kelele sana, kwa hiyo wote wanaponyamaza kwa pamoja kuna jambo limewagusa. Andika nani alisema nini kabla ya kimya kile, neno kwa neno kama unaweza. Kurekodi sauti kunasaidia, mradi wote wameridhia, ila usidanganyike: saa nne za sauti utazisikiliza mara moja tu maishani, tena kwa kuruka.

Vichekesho viache. Utani wa mezani hutegemea nani alikuwa amechoka na nani alikosea kutamka jina. Ukiuhamishia kwenye riwaya, msomaji anajiona kama mgeni aliyealikwa kwenye karamu ya watu wanaojuana.

Hatua ya nne: mpate mwenye hadithi

Mezani haki hutaka kila mchezaji apate zamu yake. Riwaya haidaiwi haki hiyo. Wasafiri watano wenye uzito sawa, kila mmoja na kisasi chake, upanga wake na siri yake, ni mzigo ambao mwandishi chipukizi hataufikisha.

Rudi kwenye safu ya tatu ya daftari. Ni nani aliyelipa zaidi? Usiniambie aliyekuwa na nguvu zaidi, wala aliyechekesha zaidi. Yule ambaye ukilinganisha alivyoingia na alivyotoka, havifanani. Huyo ndiye mhusika mkuu, hata kama mchezaji wake alihudhuria nusu ya vikao. Waliobaki uwapime kwa swali moja: huyu anamzuia nini, au anampa nini, mhusika mkuu ambacho mwingine hawezi? Wawili wakijibu sawa, waunganishe wawe mmoja. (Wenyewe watalalamika. Ndiyo sababu ule ukurasa wa sahihi ulitangulia.)

Wakati mwingine ajali ya mezani ni zawadi. Riwaya za The Expanse, zilizoanza kutoka mwaka 2011 kwa jina la James S. A. Corey, zina chimbuko katika mchezo wa uhusika ulioendeshwa na Ty Franck kabla hajaandika na Daniel Abraham. Mchezaji mmoja aliacha kucheza, na mhusika wake akauawa mapema. Kwenye kitabu kifo kile kikabaki, na kinamwambia msomaji mapema kwamba hapa hakuna aliyekingwa. Mtu kuacha kuja ni jambo dogo la ratiba. Mwandishi mwenye jicho analiona lina faida gani.

Ukishampata mwenye hadithi, kata muda. Kampeni ya miaka miwili haiingii kwenye kitabu kimoja. Tafuta kipindi ambacho alitaka kitu kimoja, akakifuata, akakipata au akakikosa. Kilichotangulia kitakuwa historia yake. Kilichofuata kitakuwa kitabu kingine, au hakitakuwa kitu.

Hatua ya tano: ivue hadithi dadu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakaa.

Mezani, jambo likitokea kwa sababu ya dadu, wote wanalikubali. Waliiona ikibingirika. Msomaji hakuiona. Kwake kila kitu kimeamuliwa na wewe, na mtumbwi ukipinduka anataka kujua kwa nini umeamua upinduke. Kazi yako ni kuchukua kila bahati na kuitafutia mzazi: tabia ya mtu, uamuzi wa nyuma, onyo lililopuuzwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa mhusika aitwaye Sikudhani. Daftari la kikao linasema:

"Usiku, mtoni. Sikudhani na sanduku la barua. Kumshawishi mvushaji: 4. Amekataa. Anampa pete ya marehemu mama yake. Amekubali. Kupiga kasia: 1!! Mtumbwi chali. Sanduku limezama. Tumecheka mpaka machozi."

Mwandishi mwenye haraka atatoa hivi:

"Sikudhani alimwomba mvushaji amvushe, lakini alikataa. Alipompa pete ya mama yake, alikubali. Walipofika katikati ya mto, ghafla mtumbwi ulipinduka na sanduku la barua likazama."

Hakuna sentensi yenye kosa. Ila tazama lile neno "ghafla". Humo ndimo dadu ilimojificha. Kila unapoliona neno hilo kwenye rasimu, au ndugu zake "kwa bahati mbaya" na "mara", simama uulize: nani angeweza kulizuia hili? Alijua? Kwa nini hakulizuia? Sasa andika tena:

"Mvushaji aliipokea pete, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa kandili, akaifunga kwenye pindo la shuka yake.

'Sanduku liweke katikati, binti. Nyuma litatuelemea.'

'Litakaa nilipo mimi.'

'Mto huu hauna haja na barua zako.'

'Nimekulipa, mzee wangu.'

Hakubishana naye tena. Alimkabidhi kasia la nyuma, akasukuma mtumbwi kwa mguu, na ukingo ukapotea gizani. Sikudhani alilibana sanduku kwa magoti, akapiga kasia huku mwili umepinda, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuegemea. Katikati ya mto mkondo uliwashika ubavuni. Mtumbwi ukaanza kulala upande wa nyuma. Mvushaji alilitazama sanduku, kisha akamtazama yeye. Sikudhani aliona maji yakiufikia ukingo, akajua bado ana muda wa kulisukuma mbele, na magoti yake yakakataa kuachia."

Matukio ni yale yale: amekataliwa, amelipa pete, mtumbwi umepinduka. Dadu haipo tena. Ile 4 imekuwa mvushaji asiyeshawishika kwa maneno. Ile 1 imekuwa ukaidi wa mtu aliyeonywa. Na kwa sababu mtumbwi umepinduliwa na Sikudhani mwenyewe, sura inayofuata ina deni: anapaswa kuishi na jambo hilo, na mvushaji, kama yu hai, anajua ukweli.

Angalia na kitu kingine ambacho mezani hakuna aliyekiona. Pete ya marehemu mama yake aliitoa bila kusita. Barua hakuziachia hata kwa kufa. Basi barua zile ziliandikwa na nani? Mchezaji huenda hakuwa na jibu. Aliandika tu "sanduku la barua" kwenye orodha ya mizigo. Mwandishi sasa analazimika kuwa nalo, na nina hakika jibu hilo lina uzito kuliko kampeni nzima.

Kuna kanuni ya zamani ya wasimulizi ninayoifuata kwa ukali: bahati inaruhusiwa kumtia mhusika matatani, hairuhusiwi kumtoa. Ile 20 iliyowaokoa nyote mwisho wa kampeni, mkaruka na kukumbatiana, itafute katika sura za mwanzo na uipande mbegu huko, la sivyo itoe. Najua inauma.

Hatua ya sita: punguza vita

Katika matoleo ya sasa ya Dungeons & Dragons, mzunguko mmoja wa pigano huwakilisha sekunde 6. Mizunguko kumi ni dakika moja. Pigano lililowala saa mbili mezani, kwa kuhesabu, kubishana na kutafuta kanuni kitabuni, lilidumu chini ya dakika hiyo ndani ya hadithi. Liandike kwa urefu huo. Aya tatu, pengine nne.

Tatizo la pili ni pointi za uhai. Mchezoni mwili haudai chochote mpaka pointi ziishe: mwenye pointi 40 na aliyebakiwa na 1 hupiga kwa nguvu ile ile, na usingizi wa usiku mmoja huwarudisha wote salama. Ukiandika hivyo, majeraha hayatakuwa na maana na msomaji hataogopa tena. Jeraha moja kwa kitabu kizima, linalonuka, linalochelewesha safari, linalomfanya mtu mzima aombe kusaidiwa kuvua kiatu, lina kazi kuliko mapigano kumi.

Mapigano mengine yaruke kabisa. Anza sura asubuhi yake, watu wakihesabu waliobaki.

Hatua ya saba: dunia ije kwa kipimo

Mwendeshaji anayegeuka mwandishi ana ugonjwa wake: ana madaftari. Nasaba za wafalme, kalenda, bei ya ngano kila mkoa. Anataka tuyasome yote kabla hajamruhusu mtu yeyote kufungua mlango.

Steven Erikson na Ian Cameron Esslemont walianza kuijenga dunia ya Malazan kwa kuicheza miaka ya 1980, na kitabu cha kwanza kilitoka 1999. Wote wawili walisomea akiolojia, na inaonekana: historia ya dunia ile imelala tabaka juu ya tabaka, na msomaji hukutana na magofu kabla ya kuambiwa nani aliyajenga. Wapo wanaoshindwa na mtindo huo wakafunga kitabu. Mimi nauheshimu, ila simshauri mtu auige kwenye riwaya ya kwanza. Cha kuchukua hapo ni kwamba dunia iliyochezwa muda mrefu ina kina hata pale isipoelezwa.

Kwa hiyo kila taarifa ya dunia ipite kwenye haja ya mtu. Kodi ya chumvi haielezwi. Kuna mwanamke anayeficha chumvi chini ya mtoto mgongoni. Ukikosa mtu mwenye haja na taarifa hiyo, basi hata msomaji hana haja nayo.

Hapa pia amua macho ya nani yanaona. Mezani kila mchezaji alijua siri za wenzake ambazo mhusika wake hakuzijua, na hiyo ilikuwa sehemu ya raha. Kwenye riwaya shika mtazamo mmoja kwa kila sura. Msomaji ajue kile anachojua mwenye mtazamo, na ashuku zaidi.

Hatua ya nane: sheria

Nchini Marekani hakimiliki hailindi namna mchezo unavyochezwa. Inalinda maneno yaliyotumika kuieleza, michoro, dunia na watu waliobuniwa. Nchi nyingine zina sheria zake, kwa hiyo uliza unakochapisha. Januari 2023 Wizards of the Coast, wamiliki wa Dungeons & Dragons, waliweka waraka wa kanuni zao za msingi, toleo la 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kutumika hata kibiashara mradi utaje chanzo. Hilo halikupi dunia zao. Viumbe kama beholder na mind flayer kampuni imekuwa ikivihesabu kuwa mali yake mahsusi. Mazimwi, majitu na wachawi ni urithi wa wote.

Hata wamiliki wa kwanza wa mchezo huo walijifunza kwa taabu. Toleo la 1974 lilikuwa na hobbit, jina lililobuniwa na J. R. R. Tolkien, baada ya tishio la kisheria wakalibadilisha kuwa halfling.

Njia ya kuandika ndani ya dunia ya kampuni ipo, kwa mkataba. Margaret Weis na Tracy Hickman walianza riwaya za Dragonlance mwaka 1984 wakiwa waajiriwa wa TSR, kampuni iliyomiliki dunia hiyo. Soma mkataba wa namna hiyo ukijua kwamba mhusika utakayembuni atabaki kwao hata ukiondoka. Kama kampeni yako ilichezwa kwenye dunia ya watu, usibadilishe majina tu. Jenga dunia mpya kuanzia kile alichokipoteza mhusika wako, na utashangaa namna ya zamani inavyoacha kumtosha.

Hatua ya tisa: ukikwama, rudi mezani

Mto kati ya mchezo na riwaya hupanda na kushuka. Gygax mwenyewe, katika kitabu chake cha mwongozo wa waendeshaji cha 1979, aliorodhesha waandishi waliomwathiri, na ule utaratibu wa mchawi kusahau uganga akishautumia ulitoka kwenye hadithi za Jack Vance. Basi nawe irudishe riwaya kwenye mchezo pale inapogoma.

Fanya hivi. Chagua sura isiyosonga. Mwite rafiki mmoja asiyeijua hadithi, mpe mhusika mpinzani, na umwambie mambo mawili tu: anachotaka na anachoogopa. Wewe mchukue mhusika mkuu. Chezeni kikao kifupi kwa dadu mbili, kwa ile kanuni ya 10, 7 hadi 9, na 6. Rafiki yako hatakuwa na adabu ya kumwacha shujaa wako ashinde kwa sababu sura inataka ashinde. Atamdanganya, atamwekea masharti, atauliza swali ambalo hukulifikiria. Wapinzani wengi wa riwaya za kwanza ni dhaifu kwa sababu mwandishi huwachezesha kwa mkono wa kushoto. Mpe mtu mwingine mkono huo.

Halafu rudi peke yako, uvue dadu tena.

Hatua ya kumi: wasomaji wa kwanza

Rasimu ya kwanza usiwape wachezaji wenzako. Watasoma kwa kumbukumbu: pengo ulilolisahau watalijaza bila kujua, na pale ulipobadilisha watasahihisha. "Haikuwa hivyo" ni maoni yasiyo na faida kwa riwaya. Tafuta watu watatu wasiojua hata pande za dadu. Usiwaulize kama wamependa. Waulize walisimama ukurasa gani, ni wahusika gani waliowachanganya, na ni wapi waliona jambo limetokea kwa sababu tu mwandishi alitaka. Pale watakapoonyesha kwa kidole, fungua daftari la zamani. Mara nyingi utaikuta namba imeandikwa hapo, 1 au 20, haijapata mzazi.

Rasimu ya pili au ya tatu ndiyo iende kwa wenzako wa mezani, pamoja na nakala ya ule ukurasa mliotia sahihi, ili kila mmoja athibitishe mhusika wake kabla mswada haujamfikia mchapishaji.